PASAKA SIO PILAU TU: Mbuzi, hamira na zabibu za Hombolo

Kila Machi au Aprili tunaulizana, "Pasaka unakula wapi?" Swali zuri, ila hiyo Pasaka yenyewe ina maana gani? Leo tuichambue kwa vitu ambavyo mtu wa Hombolo, hapa Dodoma, anavijua vizuri.

Kwanza jina. Kiswahili kina neno moja kwa sikukuu mbili: ya Wayahudi, kukumbuka kutoka utumwani Misri, na ya Wakristo, kukumbuka kufufuka kwa Yesu. Waingereza wana maneno mawili, ndio maana ukisoma kwa lugha yao unaweza kudhani hazihusiani. Zinahusiana sana tu.

MBUZI
Tumezoea kusikia "mwanakondoo", lakini Kutoka 12:5 inaruhusu hata mbuzi, mradi awe dume wa mwaka mmoja asiye na kilema. Mgogo mwenye zizi anaelewa hapo: huyo sio mnyama mgonjwa unayemuwahi kabla hajafa, ni yule bora. Damu ikapakwa mlangoni, kifo kikapita. Paulo akasema Kristo ndiye Pasaka wetu (1 Kor 5:7). Na kama mnyama yule alivyokatazwa kuvunjwa mfupa, Yohana naye anaonyesha kuwa Yesu msalabani hakuvunjwa hata mmoja.

HAMIRA
Waisraeli waliondoka mbiombio, unga haukupata muda wa kuumuka. Ndio maana ya mkate usiotiwa chachu: fikiria chapati, sio andazi. Paulo anageuza chachu kuwa mfano wa uovu. Hamira kidogo tu inaumua donge zima. Kinyongo nacho ndivyo kilivyo, kikianzia kwa mtu mmoja ukoo mzima unagawanyika.

MBOGA CHUNGU
Hizi ni za kukumbusha uchungu wa utumwa. Anayekula mchunga anajua, ule uchungu hauishi haraka mdomoni. Aliyekombolewa hatakiwi kusahau alikotoka.

KIKOMBE
Hombolo ni nchi ya zabibu, kwa hiyo hili halihitaji mkalimani. Katika Injili za Mathayo, Marko na Luka, karamu ya mwisho ilikuwa ya Pasaka, na hapo Yesu akaita kikombe kile damu ya agano. Ila wanaoiga meza ya Kiyahudi na vikombe vyake vinne wawe makini. Utaratibu ule umeandikwa kwenye Mishna, karibu mwaka 200, baada ya hekalu kubomolewa mwaka 70. Hatuwezi kusema kila kitu Yesu alikifanya hivyo hivyo.

Sasa lile linalorukwa. Kutoka 12:4 inasema nyumba ikiwa ndogo kuliko mnyama, ishirikiane na jirani. Na nyama haikutakiwa kubaki mpaka asubuhi. Jamani, Aprili Dodoma mtama na uwele bado viko shambani, na kuna nyumba ghala limeshakauka. Wewe unachinja, jirani anasikia harufu tu. Hiyo ni Pasaka ya nani?

Marko 14 inasema siku mbili kabla ya Pasaka, Yesu alikuwa mezani Bethania kwa Simoni mkoma. Hombolo, iliyopokea wagonjwa wa ukoma kwa miaka mingi, inaelewa uzito wa kukaa meza moja na mtu anayekimbiwa.

Pilau tule, hakuna aliyekataza. Ila sahani ya kwanza iende kwa jirani.

Mnasemaje wadau?