MACHOZI YALIPOKATAA KUTOKA



Bwana mmoja, mtoboa mawe wa chini ya ardhi, alifika dispensari asubuhi, akitoka posti ya usiku. Alisema tumbo linamuuma. Nilimpima, sikuona kitu. Nilipomaliza kuandika hakuondoka. Mwishoni akaniuliza kwa sauti ndogo: "Munganga, mtu anaweza kuwa wazimu bila kujijua?"

Siku 12 mbele ya hapo jiwe la dari lilianguka likamwua mwenzake wa kazi. Saa moja tu kabla walikuwa wamegawana mkate. Kwenye kilio watu wote walilia, lakini yeye hakutoa hata chozi. Alipanga viti, akachota maji, hata akacheka mtu mmoja alipokumbusha mizaha ya marehemu. Jamaa ya marehemu wakaanza kumtazama vibaya, na ninyi mnajua: kwetu, mtu asiyelia kwenye kilio anatafutiwa sababu. Bibi yake naye akamwuliza kama moyo wake ni wa jiwe. Kumbe usiku usingizi ulimkimbia. Mlango ukifungwa kwa nguvu, aliruka. Harufu ya baruti ilimfuata mpaka kitandani. Akajisemea: nimerogwa, ama kichwa kimeharibika.

Nilimwambia kwamba si hivyo. Hatari inapotokea, tezi mbili ndogo zilizo juu ya mafigo zinamwaga ndani ya damu kitu kinachoitwa adrenalini. Moyo unakimbia, pumzi inakuwa ya haraka, mikono inatoa jasho, tumbo linakaza. Ni nguvu ya kukimbia au ya kumvuta mwenzako. Lakini mwili haujui kwamba posti imekwisha. Unaweza kuendelea kulinda siku nyingi. Na huzuni haina saa moja kwa watu wote. Mmoja analia siku ya kwanza, mwingine anacheka, mwingine analia miezi mitatu baadaye anapoona buti za marehemu. Asiyelia hakukosa kupenda.

Katika vita ya 1914-1918, askari wengi walitoka kwenye mizinga wakitetemeka, wengine hawawezi kusema. Wengi waliitwa waoga. Ni mwaka 1980 tu waganga wa akili wa Marekani walipoandika katika kitabu chao jina la ugonjwa wa wale ambao hali hiyo haiwaachi. Kwa watu walio wengi inapungua yenyewe, kidogo kidogo. Ikipita mwezi mmoja bila kupungua, ikazuia kazi au kuharibu nyumba, njoo: kuna matibabu, hasa ya kuongea na mtu aliyefundishwa kazi hiyo. Ukiwaza kujiua, usingoje hata siku moja.

Bwana yule aliomba vidonge vya usingizi. Sikumpa, akanuna. Tangu 2013 Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba vidonge vya namna ya diazepamu visitolewe kwa mshtuko kama huu katika mwezi wa kwanza. Na lutuku ni mbaya zaidi: inakulaza saa mbili, kisha inakuamsha na kila kitu ulichotaka kusahau.

Sasa neno la usalama. Mtu ambaye hakulala usiku tatu, mikono inatetemeka, asishike mashine ya kutoboa wala asiendeshe gari. Mwambie kapita mbele ya kushuka, si mkiwa tayari chini. Na wewe kapita, usimcheke, maana kesho atanyamaza, na kunyamaza kwake kutawapata wote walio naye. Huyu nilimwandikia kazi ya juu kwa muda.

Bibi yake nilimwita pia. Nilimwomba asimlazimishe mumewe kusimulia ajali. Lakini mume akianza mwenyewe, hata kama ni usiku wa manane, asikilize tu. Alinisikiliza mikono kifuani, sikujua kama amekubali.

Baada ya majuma matatu bwana alirudi. Alikuwa anakata mkate asubuhi, akaugawa vipande viwili kama walivyozoea, kipande cha pili kikabaki mkononi. Alilia mpaka watoto wakaogopa; bibi akawatoa nje, akarudi kuketi karibu naye. Alitaka kujua kama hiyo nayo ni kawaida.

Nilimwambia ndiyo. Safari hii hakuniambia habari ya tumbo.