Kijana Anayeanza Kazi ya Ujenzi

Kila mwaka, mitihani ikiisha, vijana wetu wengi huingia katika kazi ya kujenga nyumba. Hakuna mlango mwepesi kuliko huo. Kijana hufika asubuhi mahali panapojengwa, humwuliza fundi kama anahitaji msaidizi, na saa mbili tayari amekwisha shika karai la zege. Jioni hupewa fedha yake mkononi. Ni kazi ya halali, wala mzazi asiione haya. Lakini wepesi huo wa kuingia ndio unaowafunga wengi. Baada ya miaka kumi utamkuta mtu yule yule, mabega yamechoka, angali anachota maji na kupandisha matofali, na watoto waliokuja nyuma yake sasa ni mafundi wanaomtuma. Siku zote alihesabu malipo ya jioni tu.

Basi wewe unayeanza, mtazame kwanza fundi utakayemfuata, kabla ya kutazama atakulipa nini. Fundi mzuri utamjua kwa kamba yake na timazi. Huyo hajengi kwa macho. Kona za msingi huzipima kwa hesabu ya tatu, nne na tano: hupima futi 3 upande mmoja wa kona, futi 4 upande wa pili, na kipimo cha kuunganisha ncha hizo mbili kikiwa futi 5 barabara, kona ni sawa. Kisipokuwa hivyo nyumba imekwenda upande, na mtu wa bati na mtu wa vigae watakuja kukulaumu. (Kumbe zile pembetatu za shuleni zilikuwa na kazi!) Fedha yako ya kwanza nunua mwiko na futi, kisha timazi na pima maji. Msaidizi mwenye mwiko wake aweza kuomba ruhusa apange matofali mawili matatu fundi akiwa karibu, lakini asiye nao atatumwa maji.

Jambo la zege halina mchezo. Kipimo kinachotumika sana ni saruji 1, mchanga 2 na kokoto 4, nacho kipimwe kwa ndoo au kisanduku, si kwa kukadiria na beleshi. Maji yasizidi. Msaidizi hupenda kuyaongeza kwa sababu zege jepesi hukorogeka bila taabu, lakini maji ya ziada yakikauka huacha vitundu ndani, na nguvu hupungua. Zege likisha kumwagwa, limwagiliwe siku 7 angalau. Nguvu yake wataalamu huipima siku ya 28. Kwa hiyo fundi anayeng'oa mirunda chini ya sakafu ya ghorofa kwa kuwa mwenye nyumba ana haraka, huyo mkimbie, hata kama analipa vizuri.

Tarehe 29 Machi 2013, siku ya Ijumaa Kuu, ghorofa iliyokuwa ikijengwa katikati ya Dar es Salaam ilianguka, ikaua watu zaidi ya 30. Kibali kilikuwa cha ghorofa 10, nalo jengo lilikuwa limepita hapo. Wenye kubeba zege hawakuchora ramani wala hawakuomba kibali, lakini wao ndio waliokuwa ndani. Kwa hiyo uliza: je, mhandisi hufika? Jukwaa limefungwa imara? Kofia ngumu ziko? Ukiambiwa kwamba maswali hayo ni ya waoga, ondoka.

Wazazi nao wajue kwamba sheria ya Tanzania haimruhusu aliye chini ya miaka 18 kufanya kazi ya hatari. Wajue tena kwamba ukiajiriwa na kampuni, mwajiri hupaswa kuchangia Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, wala mchango huo haukatwi katika mshahara wako. Ukiumia kazini, toa habari mara moja.

Halafu kuna cheti. VETA, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1994, hufundisha uashi, useremala, bomba na umeme, kwa wavulana na wasichana. Asiye na ada asikate tamaa. Iko njia ya kurasimisha ujuzi: fundi aliyejifunza mtaani hukaguliwa kwa kazi ya mikono yake, akipungukiwa hufundishwa lile lililobaki, kisha hupewa cheti. Makampuni makubwa hukitazama cheti hicho.

Tena, nunua daftari dogo. Kabla ya kushika beleshi, patana malipo, kama ni kwa siku au kwa kazi nzima, na ni siku gani yatatolewa. Kila jioni andika tarehe, ulilofanya, ulicholipwa na unachodai. Ugomvi mwingi wa malipo huzuka kwa sababu fundi anakumbuka siku nne na msaidizi anakumbuka sita. Na siku utakapokwenda kukaguliwa VETA, ukiulizwa umejenga wapi na umefanya nini, utalifungua daftari lako na kusoma.