Direktere na Walimu Wake

Ukiuliza kazi ya direktere wa shule ni ipi, wengi watajibu: kupiga kengele, kuandika majina ya watoto, kupeleka hesabu, kumpokea inspektere. Ni kweli. Lakini hayo yote yanabaki nje ya mlango wa kalasi, na mafundisho yanafanyika ndani.

Jambo hili latuhusu sisi. Shule ambazo Serikali ilizitwaa mwaka 1974, uongozi wake ulirudishwa kwa Makanisa kwa mapatano ya tarehe 26 Februari 1977. Tena tangu Septemba 2019 wazazi hawalipi tena minervali katika shule za msingi za Serikali na za mapatano, na watoto wamejaa kalasini. Mwalimu aliyejifunza kufundisha watoto 40 akikuta 80, nani atamsaidia? Inspektere hupita mara chache. Direktere yupo kila siku.

Tutwae mfano. Katika kalasi ya pili mwalimu anafundisha kusoma. Anaonyesha ubaoni: ba, be, bi, bo, bu. Watoto wanaitika vizuri sana, kwa sauti moja. Direktere aliyeketi nyuma anaona neno ambalo mwalimu, akiwa mbele, haoni kwa urahisi: watoto wengi hawatazami ubao. Wanaimba tu, hawasomi. Basi asimsahihishe mbele ya watoto, maana angemvunjia heshima. Kiisha somo, wakiwa wawili tu, amwulize: «Mwalimu, ungeanza na bo, halafu bi, wangapi wangejua?» Kesho wajaribu pamoja. Juma lijalo direktere arudi aone. Bila kurudi, shauri lile ni maneno tu.

Kuna shida moja, na si ndogo. Direktere huyu ndiye anayempa mwalimu alama za kazi yake. Kwa hiyo mwalimu akimwona mlangoni, anaficha udhaifu wake na kufundisha somo analolijua kabisa. Kwa maoni yangu, direktere amwambie waziwazi: leo nimekuja kusaidia, sitaandika alama. Tena atimize neno lake. Naye mwenyewe afundishe somo mbele ya walimu, awaache wamwulize na kumpinga. Hapo hofu yapungua kuliko kwa hotuba kumi.

Na sisi mapadri? Twamwita direktere kwa mapokezi ya Askofu, kwa michango, kwa kila mkutano wa parokia, halafu twalalamika kwamba watoto hawajui kusoma. Tumwachie walau asubuhi mbili kila juma.

Katika shule ndogo za kijijini direktere ana kalasi yake mwenyewe, hawezi kuwaacha watoto peke yao. Huko katekista aweza kuja saa ya dini kushika kalasi hiyo, na direktere apate nusu saa ya kuketi nyuma ya kalasi ya mwenzake.