Radoni: Hewa Itokayo Chini ya Sakafu

Askari arudipo nyumbani Kimaka alfajiri, baada ya zamu ya usiku, hufunga mlango na madirisha akalala. Hana lawama, maana anahitaji giza na kimya. Lakini yampasa ajue ni hewa gani aivutayo humo ndani.

Katika udongo na miamba yote duniani mna chembe za madini ya urani. Madini hayo huoza polepole mno, na katika kuoza huko hutokea gesi iitwayo radoni, isiyo na rangi, harufu wala ladha. Nje hutawanywa na upepo. Ndani ya nyumba hupenya katika nyufa za sakafu ikajikusanya. Ivutwapo, mazao yake hunata mapafuni yakitoa mionzi, na baada ya miaka mingi yaweza kuleta saratani. Shirika la Afya Duniani huitaja radoni kuwa ya pili baada ya sigara kwa kuleta saratani ya mapafu. Naye mvutaji sigara huhatarishwa nayo takriban mara 25 kuliko asiyevuta.

Mnamo Desemba 1984, huko Pennsylvania, Marekani, mhandisi Stanley Watras alikuwa kila aingiapo kazini katika kituo cha nyuklia cha Limerick, mitambo ya kupima mionzi hupiga kelele. Ajabu ni kwamba kituo chenyewe kilikuwa bado hakijaanza kuzalisha umeme! Nyumba yake ilipopimwa, ikaonekana ina radoni ya bekereli zipatazo 100,000 katika kila mita ya ujazo. Mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani lilishauri zisizidi 100, au 300 pasipowezekana.

Kwetu mashariki, miamba ya fosfati ya Sukulu, karibu na Tororo, ina urani na thori. Hii si kusema kwamba kila nyumba ya Mbale au Jinja ni ya hatari. Madirisha yetu hukaa wazi, na hiyo ni kinga kubwa. Wa kuangaliwa zaidi ni walinzi wa maghala ya chini ya ardhi, na wale walalao katika vyumba vilivyozibwa kila upande.

Kujua kiasi hasa kunahitaji chombo cha kupimia. Kabla ya hapo, nyufa za sakafu na zizibwe kwa saruji, na madirisha ya pande mbili yafunguliwe hewa ipite. Aliye na jiko la makaa chumbani asingoje hata kipimo: moshi wake usioonekana huua usiku ule ule.