Kwarara si ndege wa jalala

Yule ndege mweupe mwenye kichwa na shingo nyeusi, upara kabisa, tunayemkuta jalalani na kumwita korongo, ni kwarara. Mdomo wake umepinda kwenda chini kama mundu, na si urembo: anauchovya topeni akipapasa wadudu, konokono na vyura bila hata kuwaona. Akiruka ndipo unaona ncha nyeusi za mbawa. Kelele hana, labda msimu wa kutaga. Kwao hasa ni vinamasi na kingo za maziwa kama Victoria. Tukifukia kinamasi tujenge, riziki anaitafuta kwenye taka zetu, halafu eti mchafu ni yeye! Wamisri wa kale walimtukuza, wakazika maiti zake zilizokaushwa kwa mamilioni kule Saqqara. Leo Misri hazaliani tena.