Tathmini ya Uimara na Upungufu wa Shule Ndogo ya Msingi: Tatizo la Asilimia

1.0 Utangulizi

Makala haya yanajadili namna ya kutathmini uimara na upungufu wa shule ndogo ya msingi nchini Tanzania. Kwa shule ndogo tuna maana ya shule ambayo watahiniwa wake wa darasa la saba hawazidi ishirini. Tunajumuisha pia shule shikizi, yaani shule iliyoanzishwa katika kitongoji cha mbali ili watoto wadogo wasitembee mwendo mrefu hadi shule mama. Shule shikizi si jambo dogo tena: mwaka 2021 serikali ilitenga fedha za kujenga vyumba vya madarasa 3,000 katika shule hizo. Hoja yetu ni kwamba asilimia ya ufaulu, ambayo ndiyo kipimo kilichozoeleka, huipotosha sura ya shule ya namna hii.

2.0 Istilahi

Tuanze na maneno yenyewe, kwani hayana uzito sawa. Ukaguzi hutafuta kosa. Kitenzi kukagua ndicho kitumikacho kwa hesabu za fedha na kwa mizigo ya msafiri. Tathmini ina uhusiano na thamani, na kwa hiyo humtaka mpimaji aeleze pia kile chenye manufaa. Hali kadhalika, udhaifu husemwa juu ya mwili au tabia ya mtu, ilhali upungufu ni pengo linaloweza kujazwa. Mwalimu mkuu anayeambiwa kwamba shule yake ina udhaifu atajitetea. Anayeulizwa kuhusu upungufu ataorodhesha madawati. Ndiyo sababu tumechagua istilahi ya pili, ingawa tunakiri kwamba nyaraka nyingi za elimu hutumia ile ya kwanza.

3.0 Asilimia na idadi

Tuchukue mfano wa kubuni. Shule ina watahiniwa 12, nao 9 wanafaulu: asilimia 75. Mwaka unaofuata watahiniwa ni 10, wanafaulu 6: asilimia 60. Katika kikao cha wilaya itasemwa kwamba shule imeporomoka kwa pointi 15, na mwalimu mkuu atatakiwa kutoa maelezo. Je, kuna kilichobadilika katika ufundishaji? Huenda hakuna. Katika darasa la watoto 12, mtoto mmoja ni zaidi ya asilimia 8 ya matokeo yote. Homa ya siku moja yatosha kuibadili sifa ya shule.

Kanuni ya takwimu inalithibitisha jambo hili. Tuseme kila mtahiniwa ana uwezekano wa asilimia 70 wa kufaulu, na ufundishaji haubadiliki kamwe. Kwa watahiniwa 12, mchepuko wastani wa asilimia ya ufaulu ni pointi 13 hivi. Kwa watahiniwa 120 ni pointi 4 tu. Kwa hiyo shule ndogo itaonekana mara kileleni, mara mkiani, bila sababu yoyote ya kielimu. Howard Wainer alilionyesha hili mwaka 2007 kwa data za jimbo la Pennsylvania, Marekani: shule ndogo zilijitokeza kupita kiasi miongoni mwa zilizoongoza na vilevile miongoni mwa zilizoshika mkia. Wafadhili waliotazama kilele peke yake walikwisha kuhitimisha kwamba udogo wa shule ndio siri ya ufaulu.

Nchini Tanzania, kwa miaka kadhaa Baraza la Mitihani lilizipanga shule zenye watahiniwa chini ya 40 katika orodha ya peke yao. Hatua hiyo ilipunguza dhuluma baina ya shule kubwa na ndogo, lakini haikuondoa bahati nasibu miongoni mwa ndogo zenyewe. Mwaka 2023 Baraza liliacha kutangaza shule bora. Hata hivyo, mazoea ya kulinganisha asilimia hayakutegemea tangazo hilo.

Kuunganisha matokeo ya miaka mitatu husaidia kiasi: watahiniwa 36 huushusha mchepuko hadi pointi 8 hivi. Bado ni mkubwa.

4.0 Kinachoweza kupimwa

Udogo huohuo unaoharibu asilimia hutoa nafasi ambayo shule kubwa haina. Mwalimu mwenye watoto 12 wa darasa la pili anaweza kumsikiliza kila mmoja akisoma, asubuhi moja tu. Hapa inafaa kutahadhari. Kwa kuwa tahajia ya Kiswahili inafuata matamshi kwa karibu, mtoto aliyezimudu silabi huweza kutamka ukurasa mzima asielewe chochote. Usomaji wa sauti pekee basi hautoshi. Sharti aulizwe nani alifanya nini, na kwa nini. Anayekwama kwenye nywa au mbwa ana tatizo moja, anayetamka vizuri bila kujibu ana jingine, na asilimia ingewahesabu wote wawili kuwa walioshindwa.

Linabaki swali la nani apime. Katika shule yenye walimu watatu, kutathmini ufundishaji ni kumtathmini jirani ambaye jioni mtachota maji kisima kimoja. Tunapendekeza walimu wa shule mbili zilizo karibu wabadilishane, kila mmoja akawasikilize watoto wa mwenzake, na maandishi yabaki kwa mwalimu wa darasa kabla ya kupelekwa kwingine kokote.