Je, Wajua? Gitaa la Umeme Linaanzia kwenye Sumaku na Waya

Je, wajua kwamba gitaa la umeme halinasi sauti ya hewani? Pikapu, yaani ile sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba chini ya nyuzi, hufuatilia chuma kinachotikisika tu. Uzi wa chuma ukipigwa juu yake, uga wa sumaku huyumba, na kuyumba huko huzaa umeme ndani ya waya. Ni umeme mdogo sana, mara nyingi sehemu moja ya kumi ya volti, lakini amplifaya ikiupokea unajaza ukumbi. Michael Faraday alilionyesha jambo hili London mwaka 1831, miaka 100 kabla ya gitaa la kwanza lililolitumia.

Ndiyo sababu mshipi wa nailoni wa kuvulia samaki, hata uvutwe vizuri namna gani, hausikiki kwenye pikapu ya sumaku. Waya wa breki ya baiskeli uliofumuliwa unasikika, kwa kuwa ni chuma.

Je, wajua kwamba mfano wa kwanza ulianza na kifaa cha gramafoni? George Beauchamp, mpiga gitaa wa Los Angeles aliyechoka kufunikwa na tarumbeta, alifungua kinasio cha gramafoni akakifunga kwenye kipande cha mbao kuona kama uzi utasikika. Ukasikika. Koili za majaribio yaliyofuata alizisuka kwa mota iliyotolewa kwenye mashine ya matumizi ya nyumbani. Mwaka 1931 fundi Harry Watson akachonga gitaa la mbao kwa mkono, na mwaka uliofuata toleo la alumini likaingia sokoni. Umbo lake la duara na shingo ndefu lilifanya watu waliite Kikaango. Hataza ya Beauchamp ilitoka mwaka 1937.

Je, wajua kwamba Leo Fender hakujua kupiga gitaa? Alikuwa fundi redio wa Fullerton, California. Alianza kuuza magitaa ya umeme ya ubao mzima mwaka 1950, na miundo yake inanakiliwa mpaka leo karibu kila mahali magitaa yanapotengenezwa. Kijana anayeogopa kushika msumeno kwa kuwa bado hajajua kodi tatu za gitaa, amkumbuke fundi huyu.

Kwenye kiwanda cha Fender alikuwepo Abigail Ybarra, aliyeanza kazi mwaka 1956. Kwa miongo mingi aliongoza waya wa pikapu kwa vidole vyake huku mashine ikizunguka, na wapigaji wakatafuta pikapu zenye herufi za jina lake. Alistaafu mwaka 2013. Tunaposema pikapu ya mkono si kitu duni, ushahidi wetu ni huyo.

Je, wajua kwamba gitaa moja maarufu kuliko mengi duniani lilitengenezwa na mvulana na baba yake kwa vitu vya nyumbani? Hapa nataka tukae kidogo. Mwezi Agosti 1963 Brian May, kijana wa miaka 16 wa viungani mwa London, hakuwa na uwezo wa kununua gitaa alilolitamani. Baba yake, Harold, alikuwa mtaalamu wa elektroniki mwenye mikono ya kazi. Wakaamua kulijenga. Shingo ilichongwa kutoka kwenye mbao ya zamani iliyozunguka jiko la kuotea moto. Ilikuwa imetobolewa na wadudu, wakaziba matundu kwa njiti za kiberiti. Sehemu ya katikati ya bodi ni mwaloni wa meza kuukuu. Alama za kwenye shingo ni vifungo vya chaza kutoka kisanduku cha ushonaji cha mama yake. Mtambo wa kulegeza na kukaza nyuzi uliegemezwa kwenye ncha kali ya chuma, ukarudishwa na springi mbili za vali za pikipiki ya Panther ya mwaka 1928. Mkono wa kuuvuta ulitoka kwenye kishikio cha mkoba wa baiskeli, na ncha yake ni sindano ya kufumia. Gharama inayotajwa ni takriban pauni 8.

Pikapu za kwanza alizisuka mwenyewe kwa sumaku ndogo za duara. Zilifanya kazi, ila alipovuta uzi pembeni sauti ilikwaruza. Tatizo halikuwa waya. Ncha za sumaku zilipangwa kaskazini na kusini kwa namna ambayo uzi, ukisogea kutoka sumaku moja kuelekea jirani yake, ulipita kwenye uga unaogeuka. Baadaye alinunua pikapu tatu za Burns, akazijaza gundi ya Araldite zisipige yowe. Kila moja aliipatia swichi mbili: ya kuiwasha na ya kuigeuza mkondo. Kazi nzima ilichukua takriban miaka miwili. Gitaa hilo, Red Special, ndilo linalosikika kwenye rekodi za Queen, kundi lililoanzishwa London mwaka 1970 pamoja na Freddie Mercury, mzaliwa wa Zanzibar wa mwaka 1946. Juni 2002 May alisimama nalo juu ya paa la Kasri la Buckingham. Na hupiga kwa sarafu ya zamani ya peni sita, si kwa kipande cha plastiki.

Kwenye kundi hilohilo mpiga besi John Deacon aliokota bodi ya saketi iliyotupwa, akaifunga ndani ya kasha la spika na kuiendesha kwa betri ya volti 9. Amplifaya hiyo haikuwa na hata kitufe cha sauti, na iliingia kwenye rekodi za Queen.

Je, wajua kwamba huenda kiini cha pikapu kimechimbwa kwenye ardhi ya wasemaji wa Kiswahili? Sumaku za pikapu za kawaida huitwa alniko, mchanganyiko wa chuma, alumini, nikeli na kobalti, ulioanza kubuniwa Japani mwaka 1931. Aina inayotumiwa zaidi kwenye magitaa, alniko 5, ina kobalti karibu asilimia 24. Zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia huchimbwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, hasa upande wa Kolwezi na Likasi, kunakozungumzwa Kiswahili. Shaba ya waya nayo huchimbwa kulekule. Na Likasi, ikiitwa bado Jadotville, ndiko mtafiti wa muziki Hugh Tracey alikomrekodi mpiga gitaa Jean-Bosco Mwenda wa Bayeke mwaka 1952, mtu aliyefanya vidole viwili vya mkono wa kulia visikike kama wapigaji wawili. Lake halikuwa gitaa la umeme. Lakini nchi inayotoa wapigaji wa namna hiyo pamoja na madini ya sumaku haina sababu ya kungoja gitaa lije kwenye kontena.

Kinshasa hawakungoja. Mawangu Mingiedi, mwanzilishi wa kundi la Konono N°1, alitaka likembe, ala ya vijiti vya chuma vinavyopigwa kwa vidole gumba, isikike barabarani penye kelele za magari. Akatumia sumaku za vipuri vya magari mabovu, akasuka vinasio vyake, akaviunganisha na vipaza sauti vya zamani. Mkwaruzo uliotokana na vifaa hivyo ukawa sehemu ya muziki wenyewe, na albamu ya Congotronics ikautangaza duniani katikati ya miaka ya 2000.

Je, wajua waya wa pikapu moja una urefu gani? Zaidi ya kilomita moja. Pikapu ya koili moja ya mtindo wa Fender ina mizunguko kati ya 7,000 na 8,000 hivi, ya waya wenye unene wa milimita 0.063, mwembamba kama unywele. Kila mita ina ukinzani wa takriban omu 5.4, kwa hiyo maltimita ikisoma kiloomu 5 hadi 7 kwenye ncha mbili za koili yako, umefika. Isiposoma kitu, waya umekatika ndani. Usikate tamaa: mkato ukiwa juu, kwangua vanishi, lehemu, funika kwa gundi, endelea.

Waya huo utaupata wapi? Kwa fundi wa kusuka mota ulio mwingi ni mnene mno. Muulize relei za zamani za volti 220, maana koili zake zimesukwa kwa waya mwembamba kweli. Ukikosa, chukua mnene kidogo, suka mizunguko michache zaidi, kisha chomeka gitaa kwenye tundu la maikrofoni, ambalo hukuza zaidi. Sauti itakuwa safi na nyembamba, na kwa miziki mingi ya gitaa ya pwani na ya bara hiyo ndiyo inayotakiwa.

Je, wajua kwamba kikokotoo cha bei nafuu kinaweza kukuhesabia mizunguko? Bonyeza 1 + 1, kisha alama ya = mara kwa mara: vikokotoo vingi huongeza moja kila unapobonyeza. Fungua, lehemu nyaya mbili kwenye kitufe hicho, ziunganishe na swichi ndogo inayofungwa na sumaku, kisha bandika kipande cha sumaku kwenye ekseli inayozungusha koili. Kila mzunguko, namba moja. Ekseli yenyewe inaweza kuwa drili au cherehani ya mkono. Waya upite kati ya vidole viwili vilivyoshika kitambaa laini. Ukibana sana unakatika, ukilegeza sana koili inakuwa na nafasi za kutetemeka, na pikapu itapiga yowe spika ikiwa karibu.

Dawa ya yowe hilo ni nta. Yeyusha mishumaa na nta kidogo ya nyuki kwenye kopo lililowekwa ndani ya sufuria ya maji ya moto, joto lisizidi sana nyuzi 65, uzamishe pikapu mpaka mapovu yaishe. Usiweke kopo juu ya moto wenyewe hata mara moja, kwa kuwa mvuke wa nta hushika moto haraka.

Je, wajua kwamba sumaku kali si lazima iwe bora? Sumaku ya diski ya kompyuta ina nguvu nyingi kiasi cha kuvuta uzi wenyewe usitikisike kwa uhuru. Noti hufa mapema, na wakati mwingine hutoka nje ya sauti yake. Iweke chini kabisa, mbali na nyuzi, au tafuta sumaku za kitasa cha kabati.

Ule mngurumo unaosikika kabla hujagusa uzi? Ni umeme wa mtaani. Afrika Mashariki hutumia hezi 50, karibu kabisa na noti ya G ya chini kwenye besi. Seth Lover wa kampuni ya magitaa ya Gibson aliutatua mwaka 1955 kwa koili mbili zilizounganishwa kinyume, sumaku zake nazo zikiwa kinyume: mngurumo unajifuta, sauti ya uzi inabaki. Ukisuka koili moja, unaweza kusuka mbili.

Lakini kuna umeme usiochezewa. Leslie Harvey, mpiga gitaa wa kundi la Stone the Crows, alikufa jukwaani Swansea mwezi Mei 1972 baada ya kugusa maikrofoni isiyokuwa na ethi nzuri. Nyuzi za gitaa lako zitagusana na ngozi yako saa zote. Tumia amplifaya ya betri wakati wa majaribio, na ile ya umeme wa ukutani ikaguliwe ethi yake na fundi kabla ya kijana yeyote kushika uzi.

Je, wajua namba inayopanga freti zote? Ni 17.817. Gawa urefu wa uzi, kwa mfano milimita 648, kwa namba hiyo: unapata 36.4, umbali wa freti ya kwanza. Toa, gawa tena kilichobaki, na kuendelea. Ya 12 lazima iangukie milimita 324, nusu kamili. Isipoangukia hapo, kuna kosa la hesabu, na ni afadhali kulijua kabla ya msumeno.

Bodi ni jambo rahisi kuliko watu wanavyodhani. Mabaki ya mninga au mvule kutoka kwa seremala yanatosha, mradi yamekauka. Shingo ndiyo ya kuihurumia, kwa sababu nyuzi sita huivuta kwa takriban kilo 40 hadi 50 mchana na usiku. Gundisha vipande vitatu badala ya kimoja, na uzike fito ya chuma katikati. Kwa ubao wa freti, mpingo, mti wa taifa wa Tanzania, ni mzito hata huzama majini, na huvumilia vidole kwa miaka.

Na kama fedha hazitoshi nyuzi sita, anza na mmoja. Kwenye filamu ya It Might Get Loud ya mwaka 2008, mpiga gitaa Jack White anajenga gitaa kwa ubao, misumari, uzi mmoja, chupa ya kioo na pikapu, kisha analipiga papo hapo.

Siku ukimaliza kulehemu, usifunge chochote kwanza. Chomeka kwenye amplifaya, punguza sauti, kisha gonga polepole kila sumaku kwa ncha ya bisibisi. Ikilia "tak" sawa kwenye zote, pikapu ni nzima. Funga nyuzi.